Sheikh, kilo zangu ni ngapi?

Ndugu msomaji, makala yetu ya Ijumaa hii imetokana na swali tuliloulizwa msibani. Kwa mtu aliye mbali na maradhi swali hilo laweza kuonekana la mzaha. Aliyetuuliza hakuwa na mzaha hata kidogo.

Katika msimu uliopita wa ununuzi wa pamba tulisafiri kutoka Bariadi hadi Bukundi, kata iliyomo wilayani Meatu, mkoani Simiyu, kwenda kuwapa pole jamaa zetu waliofiwa. Marehemu alikuwa mkulima wa makamo. Maradhi yake yalianza kwa kidonda kidogo cha unyayo, kikakawia kupona kwa sababu ya kisukari, mguu ukakatwa, na baada ya miezi michache akarejea kwa Mola wake. Mwenyezi Mungu amrehemu na ailaze roho yake mahali pema.

Baada ya swala ya Alasiri, kaka wa marehemu alitusogelea chini ya mti walipokaa wanaume. Ni mzee wa miaka sitini na ushei, mwenye mwili mkubwa na sauti ya upole. Mkononi alikuwa na daftari la shule lililokunjwa katikati. Akasema: "Sheikh wangu, na mimi ninayo hiyo hiyo sukari iliyomchukua mdogo wangu. Daktari aliniambia nipunguze kilo saba. Nimeacha soda, nimeacha sukari ya chai, ugali nimeupunguza, na kila asubuhi natembea mpaka shambani na kurudi. Sasa kila mizani inanipa jawabu lake. Naomba uniambie, kilo zangu ni ngapi?"

Tukalifungua daftari. Kwa muda wa wiki kumi mzee huyu aliandika kila alipopima. Wiki ya kwanza, kilo 96. Wiki ya pili, kilo 92 na nusu. Wiki ya nne, kilo 97. Wiki ya saba, kilo 94 na nusu. Wiki ya nane, kilo 90 na nusu. Wiki ya kumi, kilo 95 na nusu. Siku hiyo ya mwisho, baada ya kuona ameongezeka kilo tano ndani ya wiki mbili alizojinyima, alikwenda moja kwa moja kwenye ghala la chama cha msingi. Vijana wakamkalisha kwenye kitanzi cha kamba, wakamning'iniza kwenye mizani ya pamba kama mzigo. Mizani ikasema 93.

Waombolezaji waliokuwa karibu walicheka, na yeye mwenyewe akacheka. Kisha akatamka neno lililotunyamazisha sote: "Tangu siku hiyo sijaenda kliniki. Nimesema, kama mizani zenyewe hazijui, mimi nahangaika na nini? Vidonge vimekwisha, wala sijafuata vingine."

Ndugu msomaji, tafakari hali hiyo. Mtu amemzika ndugu yake kwa maradhi ambayo yeye mwenyewe anayo, naye ameacha dawa kwa sababu ya ugomvi wa mizani. Ndiyo maana tuliona swali hili lafaa kujibiwa kwa utulivu.

MIZANI HAZIKUGOMBANA

Tulimuuliza swali moja tu: "Mzee wangu, kila tarehe ulipima wapi?" Akatueleza. Wiki ya kwanza na ya saba alipima zahanati. Wiki ya pili na ya nane alipima nyumbani kwa mwanawe mjini Bariadi, ambako ipo mizani ndogo ya kukanyaga inayowekwa bafuni. Wiki ya nne na ya kumi alipima kwenye duka la dawa huko Mwanhuzi, makao makuu ya wilaya ya Meatu.

Tukachukua kalamu na kuzipanga upya namba zake, kila mizani katika mstari wake. Zahanati: 96, kisha 94 na nusu. Nyumba ya mwanawe: 92 na nusu, kisha 90 na nusu. Duka la dawa: 97, kisha 95 na nusu. Baina ya kipimo cha kwanza na cha pili cha kila mizani zilipita wiki sita. Mizani ya kwanza yasema amepungua kilo moja na nusu. Ya pili yasema kilo mbili. Ya tatu yasema kilo moja na nusu.

Mzee akalitazama daftari kwa muda mrefu. Mashahidi watatu, kila mmoja akiwa mahali pake, wote walishuhudia jambo moja: umepungua. Mizani hazikugombana. Mwenye daftari ndiye aliyezigombanisha, kwa kuchukua neno la huyu na kulilinganisha na neno la yule.

Hili ndilo jibu la swali lake. Anayetaka kujua kama anapungua hana haja kubwa ya kujua mizani ipi kati ya tatu ndiyo ya kweli. Anahitaji kubaki na moja.

Mfano wake ni saa ya ukutani. Saa inayochelewa dakika tano kila siku, nawe ukalijua hilo, waweza kuitegemea na usipitwe na jamaa msikitini. Saa ambayo leo huwahi na kesho huchelewa, hata ikiwa ya dhahabu, haikufai kitu. Vivyo hivyo mizani inayozidisha kilo mbili daima ni bora kwa mwenye kujipunguza kuliko mizani tatu nzuri anazozizungukia kama mteja sokoni.

KWA NINI ZINATOFAUTIANA?

Mizani nyingi za zamani za kukanyaga hufanya kazi kwa springi. Mtu anapopanda, springi hujikunja au hunyooka, na mshale huzunguka. Springi huchoka kwa miaka, na mshale huondoka kwenye sifuri bila mwenyewe kutambua. Mizani za kisasa za betri zina vipande vidogo vya chuma vinavyopinda kidogo mno chini ya uzito, na mpindo huo hugeuzwa kuwa namba. Hizi nazo hukosea betri inapokwisha nguvu, au zinapohamishwa mahali bila kukanyagwa mara moja na kuachwa zirudi kwenye sifuri.

Sababu ya pili ni sakafu. Mizani ya kukanyaga yataka sakafu ngumu iliyo sawa. Ukiiweka juu ya zulia, mkeka au udongo uliobonyea, namba yaweza kupotoka. Hapa sina budi kukiri jambo langu mwenyewe. Miaka michache iliyopita nami niliambiwa na daktari nipunguze kitambi. Nikanunua mizani, nikagundua kwamba juu ya saruji inanipa namba moja, na juu ya mkeka inanipa pungufu ya kilo mbili. Kwa muda wa mwezi mzima nilipima juu ya mkeka. Nilivua kanzu, nikavua saa, siku moja nikavua hata kofia, kana kwamba kofia ya mkono ina kilo. Mke wangu aliniona na kuniuliza ninamdanganya nani. Sikuwa na jawabu.

Sababu ya tatu ni mwili wenyewe. Lita moja ya maji ina uzito wa kilo moja. Anayekunywa nusu lita ya maji na bakuli la uji ameongezeka karibu kilo moja saa hiyo hiyo, wala hajanenepa. Chumvi nyingi huzuia maji mwilini. Kina mama hupanda na kushuka kulingana na siku za mwezi. Mtu mzima aweza kutofautiana kilo moja hadi mbili baina ya asubuhi na jioni ya siku moja. Mzee wetu zahanati alipima mchana baada ya kula, akiwa na koti, viatu na simu mfukoni. Kwa mwanawe alipima alfajiri kabla ya chai, akiwa na shuka tu. Sehemu kubwa ya ile tofauti ilikuwa koti, viatu na ugali.

Wapo wanaosema kwamba tofauti hutokana na mwinuko wa nchi, kwa kuwa mvuto wa ardhi hupungua kadiri mtu anavyopanda juu. Ni kweli hupungua, ila ni kidogo mno. Nyanda za Simiyu ziko zaidi ya mita 1,000 juu ya usawa wa bahari, na mtu wa kilo 90 anayetoka pwani kuja huku hapungukiwi na uzito wa yai moja la kuku. Tusiisingizie milima.

HATA KILO YENYEWE ILITOFAUTIANA

Msomaji asidhani kwamba jambo hili ni la vijijini tu. Tangu mwaka 1889 ulimwengu ulikuwa na kilo moja iliyokuwa mama wa kilo zote, kipande cha madini ya platini na iridi kilichohifadhiwa Sèvres, karibu na mji wa Paris. Nakala zake ziligawiwa kwa mataifa. Wataalamu walipovikutanisha vipande hivyo baada ya miaka mia moja hivi, waliona mama na watoto wake wametofautiana kwa kiasi cha mikrogramu 50, karibu na uzito wa punje ndogo ya mchanga. Haikujulikana kwa yakini nani aliyepungua na nani aliyeongezeka. Ilikuwa miongoni mwa sababu zilizowafanya wataalamu wakubaliane kuiacha, na tangu tarehe 20 Mei 2019 kilo hufafanuliwa kwa kanuni ya maumbile isiyobadilika badala ya kipande cha chuma.

Wanazuoni wa Kiislamu nao waliishughulikia elimu hii mapema. Abdur-Rahman al-Khazini, aliyeishi Merv, aliandika kitabu kizima juu ya mizani ya hekima mwaka 515 Hijria, sawa na 1121 hadi 1122 Miladia, akaeleza namna ya kuiunda mizani na kuyaepuka makosa yake. Baada yake, tabibu wa Kiitalia Santorio Santorio, aliyefariki mwaka 1636, alijitengenezea kiti kilichotundikwa kwenye mizani. Kwa muda wa takriban miaka 30 alipima mwili wake, chakula chake na kilichomtoka. Aligundua kwamba sehemu kubwa ya alichokula na kunywa ilikuwa ikiondoka bila kuonekana, kwa pumzi na jasho. Tabibu huyo alifaidika kwa sababu alidumu na kiti kimoja na mizani moja.

HESABU YA KILO TANO

Turejee kwenye zile kilo tano zilizomkatisha tamaa mzee wetu. Kilo moja ya mafuta ya mwilini huhifadhi takriban kalori 7,700. Ili mtu anenepe kilo tano za mafuta inampasa ale kalori 38,500 zaidi ya mahitaji yake. Kwa wiki mbili, hiyo ni 2,750 za ziada kila siku, juu ya kiasi cha 2,500 ambacho mwanamume wa kawaida hukitumia kwa siku. Maana yake, ale chakula cha siku mbili katika kila siku moja, kwa siku 14 mfululizo. Tulimuuliza kama alifanya hivyo. Akasema katika siku hizo hata michembe aliyoipenda tangu utotoni aliipima kwa kiganja. Basi kilo tano hizo hazikuwahi kuwepo. Zilikuwa tofauti ya nyumba ya mwanawe na duka la dawa.

Hesabu hiyo ina upande wa pili unaotupasa kuukumbuka sisi tunaofunga. Mtu anayepungua kilo mbili katika siku za kwanza za Ramadhani amepoteza maji zaidi kuliko mafuta, na kilo hizo humrudia upesi. Asijisifu nazo, wala asihuzunike zinaporudi. Anayetumia dawa za kisukari, hasa sindano za insulini, amwone daktari wiki kadhaa kabla ya mwezi kuandama ili ajue kama afunge, na vipi.

Mzee wetu alikuwa akipungua baina ya robo na theluthi ya kilo kwa wiki. Alidhani ni kidogo. Mwaka 2002 kulichapishwa nchini Marekani utafiti wa watu 3,234 waliokuwa ukingoni mwa kupata kisukari. Kundi mojawapo liliwekewa lengo la kupunguza asilimia 7 ya uzito na kufanya mazoezi ya dakika 150 kwa wiki, ambayo ni kama mwendo wa nusu saa kwa siku tano. Kwa wastani wa karibu miaka mitatu, watu wa kundi hilo walipatwa na kisukari kwa asilimia 58 pungufu ya wale waliopewa vidonge visivyo na dawa. Asilimia 7 ya kilo 96 ni karibu kilo saba, ndizo zile zile alizoambiwa. Yeye maradhi tayari anayo, lakini kwa mgonjwa pia uzito ukipungua sukari huwa nyepesi kudhibitiwa, na miguu na macho husalimika zaidi.

WAKULIMA WA PAMBA WANAJUA

Wazee wa Bukundi hawahitaji kufundishwa thamani ya mizani. Baba zao waliuza pamba katika zama ambazo mnunuzi ndiye aliyeshika mizani na mkulima alisubiri kuambiwa. Malalamiko juu ya upimaji huo yalikuwa miongoni mwa mambo yaliyowaunganisha wakulima wa Kanda ya Ziwa chini ya uongozi wa Paul Bomani, na mwaka 1955 likaundwa shirikisho la vyama vyao vya ushirika, Victoria Federation of Co-operative Unions. Baada ya uhuru wa nchi hii mambo ya vipimo yaliendelea kutungiwa sheria, na tangu 2002 ipo Wakala wa Vipimo, yenye jukumu la kukagua mizani na kupambana na lumbesa.

Qur'ani Tukufu imelitaja jambo hili mara nyingi. Katika Surat Ar-Rahman Mwenyezi Mungu ametaja kuinuliwa kwa mbingu na kuwekwa kwa mizani pamoja, akaamrisha watu wasiipunje. Nabii Shuaybu (A.S.) alitumwa kwa watu ambao dhambi yao kubwa baada ya shirki ilikuwa ni kupunja vipimo. Na Surat Al-Mutaffifin inafungua kwa kuwaonya wale ambao wakijipimia hutaka kitimie, na wakiwapimia watu hupunguza.

Sisi tumezoea kuisoma sura hiyo tukimfikiria muuza mchele. Nilipokuwa nimesimama juu ya mkeka ule bila kofia, nilikuwa na vipimo viwili kama yeye. Nilipotaka kusikia habari njema nilichagua mkeka, na nilipotaka kisingizio cha kuacha mazoezi nilichagua saruji nikasema mizani ni mbovu. Anayeichagua mizani kwa ajili ya jawabu analolitaka amekwisha kujipunja kabla hajapanda.

Ipo pia mizani nyingine isiyo na namba, nayo ni macho ya majirani. Kwetu mtu akinenepa huambiwa mambo yake mazuri, na akikonda huulizwa anaumwa nini. Wengi wetu twakumbuka miaka ambayo kukonda kulitosha mtu kusemwa vibaya kijijini. Mke wa mzee huyu alituambia faragha kwamba wanawake kisimani walikuwa wamekwisha kumuuliza mumewe ana nini. Uchunguzi wa kitaifa uliofanyika nchini mwaka 2012 ulionesha kwamba takriban mtu mzima mmoja kati ya wanne, wa umri wa miaka 25 hadi 64, alikuwa na uzito uliozidi. Katika nchi ya namna hiyo, kumsifu mtu kwa kitambi na kumtisha anapokipunguza ni kumsaidia maradhi.

PASIPOSAMEHEKA KOSA

Yote tuliyosema kuhusu kuivumilia mizani inayokosea yanamhusu mtu mzima anayejipima mwenyewe. Zipo mizani ambazo kosa lake halivumiliki. Mtoto anayeumwa malaria hupewa dawa mseto ya ALu kwa kadiri ya uzito wake: kuanzia kilo 5 hadi chini ya 15 kidonge kimoja kila mara, kuanzia 15 hadi chini ya 25 vidonge viwili, mara mbili kwa siku kwa siku tatu. Mtoto wa kilo 16 akisomwa kuwa ana 14, kwa sababu tu mshale haukuwa kwenye sifuri, atapewa nusu ya dawa anayostahiki, na malaria yaweza kurudi. Vilevile mtoto anayening'inizwa kliniki kila mwezi, mstari wa kadi yake ukipinda, mama hutishwa bila sababu, au hutulizwa ilhali mwanawe anadhoofika.

Kwa hiyo anayewapimia wengine, awe muuguzi, karani wa pamba au muuza nyama, amebeba amana. Aitazame sifuri kabla ya kila mzigo na kila mtoto. Na mzazi asione haya kuomba mtoto apimwe tena.

NASAHA KWA ANAYEJIPIMA

Tulimwandikia mzee wetu mambo machache nyuma ya daftari lake, nasi tunayarejea hapa kwa faida ya wote.

Kwanza, chagua mizani moja na uiweke mahali pamoja, juu ya saruji. Kama huna yako, chagua ya zahanati na usiibadili.

Pili, pima mara moja kwa wiki, siku moja, wakati mmoja. Asubuhi baada ya kwenda haja na kabla ya kula ndiyo bora, ukiwa na nguo nyepesi zile zile. Ukipima zahanati mchana, iwe mchana daima, na koti ulivue daima.

Tatu, ijaribu mizani yako. Panda mara tatu mfululizo. Namba zikitofautiana kwa zaidi ya nusu kilo, tazama betri na sakafu. Kisha panda ukiwa umeshika dumu tupu, na upande tena baada ya kulijaza maji lita 10 kwa chupa ya lita moja. Namba yapasa iongezeke kwa kilo 10 hivi.

Nne, usihukumu kwa wiki moja. Linganisha mwezi na mwezi. Wiki moja ni maji, mwezi ni mwili.

Tano, uwe na shahidi wa pili asiye mizani. Chukua futi ya fundi cherehani upime kiuno. Kwa kipimo cha Shirika la Afya Duniani, hatari huanza kuongezeka mwanamume anapozidi sentimita 94 na mwanamke anapozidi 80. Futi haina betri wala springi.

Sita, ukipungua haraka bila kukusudia, ukawa na kiu isiyoisha, kukojoa mara kwa mara, au kikohozi cha wiki mbili na zaidi, hiyo si habari njema. Nenda hospitali. Na dawa usiiache kwa sababu ya namba yoyote. Daktari aliyeiandika ndiye wa kuibadili.

Mtume wetu (S.A.W.), kama ilivyopokewa na Tirmidhi, alitufundisha kwamba tonge chache zamtosha mwanadamu kuunyoosha mgongo wake, na akishindwa basi theluthi ya tumbo iwe ya chakula, theluthi ya kinywaji na theluthi ya pumzi. Angalia, ndugu msomaji, kwamba kipimo hicho kimewekwa kwenye sinia kabla mtu hajafika kwenye mizani. Mizani hutangaza tu yaliyokwisha kutendeka kwenye sinia na njiani kuelekea shambani.

Jioni ile kabla hatujaondoka Bukundi, mzee wetu alituaga kwa kusema kwamba keshoye atakwenda zahanati kufuata vidonge. Miezi miwili baadaye alitupigia simu. Tulimuuliza salamu za nyumbani, naye akaharakisha kutupa habari aliyoitaka: zahanati, Jumanne asubuhi, bila koti, kilo 92. Akaongeza kwamba fundi amemtobolea mkanda tundu jipya, na kwamba kule kisimani wanawake wakimuuliza mkewe, huwajibu kwamba mumewe haumwi, anajitibu.

Tunamuomba Mwenyezi Mungu awaponye wagonjwa wetu, awarehemu waliotangulia, na atujaalie tuwe wakweli katika mizani zetu, tunapowapimia watu na tunapojipimia wenyewe. Wallahu a'lam.